Mwanamke Mmoja, Kadi Mbili

Karani wa kumbukumbu wa hospitali ya Garissa alipoomba uhamisho kwa kuogopa vita, kazi yake nilitwikwa mimi, mkunga kutoka Embu, eti kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Sikushukuru. Asubuhi nazalisha, alasiri nakaa na kitabu cha namba za magonjwa, kila ugonjwa na namba yake, nikizihamishia kwenye kadi za wagonjwa. Zamani zile za shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali, hakuna aliyetoka Garissa kwenda Nairobi ila kwa lori la msafara, na wanajeshi mbele na nyuma. Ofisa wa kizuizi cha darajani alitaka kuona namba ya ugonjwa wa kupasuliwa. Kama huna, ulirudi kwako.

Mgonjwa aliyenitia hasira kuliko wote, si kwa kosa lake, alikuwa muuza maziwa mmoja. Kabla ya vita uzazi mgumu ulimfikisha Nairobi. Mtoto akafa, na kizazi kikaondolewa ili mama apone. Alipona, akarudi kubeba maziwa kutoka malishoni kila siku. Polepole sehemu ya juu ya uke, iliyokuwa imeshonwa pale kizazi kilipotolewa, ikaanza kushuka, mpaka ikatokeza nje. Mkojo nao ukawa unavuja.

Nilidhani atanililia maumivu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na hakumhitaji mkalimani.

"Kuuma nafumilia, abaayo," aliniambia. Ndivyo Wasomali wanavyomwita dada. "Lakini maji natoka, udhu nafunjika. Wanawake nasali bamoja, mimi nasali beke yangu nyuma ya nyumba, kama mwizi."

Nikamwambia nimesikia kwamba dini yao humsamehe mgonjwa.

"Sheikh amesema hivyo. Samehewa nini? Mimi nimekosa nini? Sitaki samehewa, nataka bona."

Nilimpenda hapo hapo. Sijawahi kuvutiwa na watu wanaoridhika upesi.

Lakini kitabu chetu kilikuwa na namba ya kizazi kilichoshuka, hakikuwa na namba ya mwanamke ambaye kizazi hana na bado kuna kilichoshuka. Nikamwuliza daktari. Akasema niandike hiyo ya kizazi, wa Nairobi wataelewa wenyewe. Wenyewe hawakuelewa. Walifukua kadi yake ya zamani, wakaona kizazi kiliondolewa. Wakatazama yangu, wakaona kizazi kimeshuka. Makarani wa kwetu bara hupanga kadi kwa jina la mwisho, wakidhani ni la ukoo, kumbe kwa Msomali jina la mwisho ni la babu tu, na wajukuu wa mababu wenye majina hayo walijaa mkoa mzima. Wakaamua kadi za wanawake wawili zimechanganyika. Mama wa watu akarudishwa bila hata kulazwa kitandani apimwe.

Aliponiletea habari nilifoka ofisini mbele yake, nikasema maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Muuza maziwa alinisubiri nimalize.

"Andika mimi yote," alisema. "Baba, babu, baba ya babu. Nitakutajia. Hakuna mwanamke mwingine yuko na hiyo yote."

Akaanza kuwataja. Kwao mtoto hufundishwa nasaba yake kabla hajajua kukama ngamia, na huyu aliishusha kwa mwendo mmoja, macho ameyafumba, wala hakusita. Nilijaza mbele ya kadi, nikageuza nyuma. Nikajiona mjanja. Nani sasa angesema ni wanawake wawili?

Nairobi kadi ile haikufika. Darajani ofisa aliisoma akifuata kwa kidole, akafika kwa babu mmoja wa juu ambaye jina lake ndilo jina la ukoo mzima, nao ulikuwa ukishukiwa kuwalisha shifta. Akamshusha kwenye lori. Walimhoji kutwa nzima juani, wakamwachia na kadi yake.

Aliingia ofisini kwangu vumbi limemjaa, akaiweka mezani.

"Kadi ya kwanza mimi nilikuwa wanawake wawili," alisema. "Sasa nimekuwa kabila nzima. Abaayo, mgonjwa nitakuwa lini?"

Niliinamia meza nikaona haya, haya kwa niaba ya watu wa kwetu wote waliokuja huku na vitabu vyao. Kisha nikachukua kadi nyingine. Nikaandika jina lake na la baba yake, basi. Namba niliweka ile ile ya kizazi, maana ofisa alitaka namba. Chini yake nikaandika: "Namba hii si sawa. Kizazi kilitolewa hapo kwenu. Kilichoshuka ni uke wenyewe. Kovu na ugonjwa ni vya mwili mmoja, nimeviona kwa macho yangu. Msibishane, mpimeni."

Daktari alisema hiyo si lugha ya kumbukumbu za hospitali. Nikamjibu kwamba anayeujua utamu wa ngoma aingie acheze, aiandike yeye. Akatia sahihi.

Msafara uliofuata nilipanda naye lori nikiwa na sare yangu. Darajani ofisa aliuliza huyu ni wa ukoo gani. Nikamwambia ni mgonjwa wangu, na kama anataka kujua zaidi ashike kadi asome kwa sauti mbele ya vijana wake. Alianza kusoma, akafika mstari wa tatu, penye neno uke, akarudisha kadi akatazama mto. Nairobi nilisimama mlangoni pa daktari wa upasuaji mpaka akampima. Nilipoondoka, walikuwa wameshamtandikia kitanda.

Alirudi bila mimi kujua. Nilimwona siku ya Idd, nikienda zamu. Wanawake walikuwa wamejipanga nyuma ya wanaume kwenye uwanja wa wazi, nami nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyesahau njia, kwa kuwa katikati ya safu ya kwanza ya wanawake nilimtambua yeye, bega kwa bega na wenzake. Aliinama, akasujudu, akainuka bila haraka. Machozi yalinitoka wala sikuyafuta. Sala ilipoisha akageuza uso kulia akatoa salamu, akageuza kushoto akatoa salamu, na pande zote mbili palikuwa na mtu.