Hodi Mzingani

Kila asubuhi karani mstaafu huvaa glavu za kuoshea vyombo na kofia aliyoishonea wavu wa chandarua cha kitandani, ndiyo maana mkewe huamka na vipele. Huuendea mzinga wake wa nyuki kwa ncha za vidole vya miguu, hukohoa, hugonga mara mbili kwa kile kidole kilichozoea mihuri, kisha huita, "Hodi wenyewe!" Nyuki wakivuma, huinamisha kichwa kama aliyekaribishwa. Mkewe humtazama kupitia dirisha la jikoni, akijikuna. Msimu wa maua walivuma kutwa, naye kwa furaha akakomba masega yote, hata ya akiba. "Waachie chao, baba," mkewe alisema. "Wataenda wapi, mama? Hapa ndipo kwao." Kiangazi kilipokaza na maua kukauka, akapiga hodi, kimya. Akapiga ya pili. Ya tatu aliipiga kwa sauti ndogo, kisha akageuka akaenda zake bila kugusa kifuniko, maana hodi tatu zisipoitikiwa, muungwana huondoka. Tangu hapo akawa anapita mbali na mzinga, asije akaonekana king'ang'anizi. Mvua ziliporudi, mkewe alitoka chumbani mbio, khanga mkononi. "Njoo uone wenzio! Wamening'inia juu ya kitanda, palepale palipokuwa na chandarua, na hawakubisha hata hodi!" Karani akaja na kofia yake, akasimama mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe, akakohoa, akagonga mara mbili.