Karatasi ya Shangazi Vilma

Shangazi Vilma hana subira na waongo, na katika chama chetu cha watazama nyota, huku kwenye vilima vya Bükk, hakuna ambaye hajauonja ulimi wake. Miaka thelathini alichora maua kwenye sahani za kaure kiwandani. Alipostaafu akaanza kuchora nebula, yale mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota, hafifu kiasi kwamba ukiyakodolea macho yanapotea, ukitazama pembeni yanarudi.

Kwetu kila mtu huchora peke yake alichokiona kwenye darubini, chini ya taa nyekundu. Ni mwiko kusema umeona nini mpaka karatasi zote zilazwe mezani asubuhi.

Vuli ile macho yake yalizua maneno. Jicho moja lilikuwa limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Botond, mwalimu wa fizikia aliyesimamia daftari letu la uchunguzi, hakuzunguka mbuyu.

“Shangazi, leo tunatazama ile pete ya gesi kwenye kundi la nyota la Farasi. Usipoiona, michoro yako haiingii tena daftarini. Usinikasirikie.”

“Nikukasirikie kwa lipi, mwanangu? Funga kichujio, punguza maneno.”

Pete ile haionekani bila kichujio cha oksijeni, kioo kidogo kinachopitisha mwanga wa oksijeni na kuzuia karibu mwingine wote. Botond alikipapasa kisandukuni gizani kati ya vingine, maana taa nyekundu haitoshi kusomea maandishi madogo, na kuwasha nyeupe ni kuwaharibia wenzako macho kwa nusu saa nzima. Akakifunga, tukapanda ngazi ya darubini mmoja mmoja, watu saba. Vilma alikaa kule juu hadi Botond akaanza kukohoa.

Asubuhi, kando ya mkate wa mafuta ya nguruwe na vitunguu, tukalaza karatasi. Pete sita nzuri, yangu ikiwemo. Karatasi ya Vilma ilikuwa na nyota ishirini na tatu, na katikati hakuna kitu. Roho iliniuma.

“Shangazi,” Botond alisema taratibu, “wenzako sita wameiona.”

“Mimi sikuiona. Ulitaka nibuni?”

“Basi tukubali kwamba umri umefika.”

“Umri nimeukubali zamani. Hebu nione hicho kichujio.”

Akaenda kwenye darubini, akakifungua mwenyewe, akakigeuzia jua. Akasoma maandishi ya ukingoni bila miwani: “Hidrojeni.” Akamwekea Botond kiganjani. “Soma na wewe, mwenye macho mazima. Njia ya mwongo fupi, wanangu.”

Kichujio cha hidrojeni huizima pete ile kabisa. Hakuna binadamu ambaye angeiona usiku ule. Tulikuwa tumechora picha tulizozikariri vitabuni, na mimi, kwa madaha yangu, nilikuwa nimeongeza hata pengo dogo upande mmoja. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Kwa haki yake, Botond hakujitetea. Alifungua daftari, akaandika jina la Vilma, tarehe, na maneno “nebula haikuonekana”, akagonga muhuri. Kisha akauliza bila kumtazama mtu, “Na hizi sita nizifanyeje?”

“Zitunze vizuri,” alisema Vilma akimega mkate. “Siku mtakaposema tena macho yangu yamezeeka, nitazihitaji.”