Siku Loisi Alipokwenda Kupima

Dada yangu Loisi alikuwa hahitaji futi ya kupimia. Mwanamke akisimama mbele ya meza yetu pale sokoni Tunduma, Loisi anamtazama mara moja, anachomoa sidiria kutoka kwenye rundo la mitumba, anasema, "Hii hapa, mama. Isipokukaa nirudishie." Hazikurudishwa. Wanawake wa Zambia waliovuka mpaka kununua walimpenda kwa sababu aliwaita kwa Kibemba, "Mayo, iseni!" yaani mama, njooni, na kwa sababu aliwachekesha. Mmoja alilalamika kwamba sidiria ni pana mno. Loisi akamwambia, "Chukua tu, mayo. Na simu utaweka humo humo, na nauli." Yule mama alicheka mpaka akashika meza.

Huo ulikuwa mwaka 2012. Loisi alikuwa na miaka ishirini na saba. Mume wake, Luhaga, alikuwa anachimba dhahabu Saza na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimetoka kwa baba, Iyula, kuja kumlea mtoto wao Lusubilo, ambaye alikuwa ameachishwa ziwa miezi miwili tu kabla.

Siku moja alipokuwa anaoga aliniita. Akanishika mkono akauweka juu ya ziwa lake la kushoto. Ndani kulikuwa na kitu kigumu, kimetulia, kama kokoto iliyozama kwenye unga.

"Kinauma?" nikamuuliza.

"Hata kidogo," akasema, na nikaona amefurahi kusema hivyo.

Aliyeuza vitenge meza ya ng'ambo ya njia alikuwa Mama Ruti. Kila mwanamke pale sokoni alimpelekea shida zake, naye hakuwahi kukosa jibu. Loisi alipomnong'oneza, alicheka. "Maziwa hayo yameganda, mwanangu. Umemwachisha mtoto ghafla. Pasha chanuo moto, chana kushuka chini kila jioni, yatayeyuka yenyewe."

Basi kila jioni mimi ndiye niliyepasha chanuo la mti juu ya jiko, na Loisi akajichana, meno ameyabana. Miezi mitatu. Kokoto haikuyeyuka. Ngozi juu yake ikaanza kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Akaacha kuniita niguse.

Halafu alikuja mwanamke mmoja mwembamba kutoka Vwawa. Loisi akamtazama kama kawaida, akachomoa moja. "Thelathini na sita, dada."

Yule mwanamke akatabasamu. "Umekosea. Upande mmoja ni kitambaa."

Loisi akairudisha ile sidiria kwenye rundo. Mwanamke akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaitwa Elizabeti, ni nesi, na kwamba ziwa lake lilikatwa akiwa na miaka thelathini na moja. "Na mimi nilidhani ni ugonjwa wa mabibi," akasema. Kisha akaona mkono wa Loisi umepanda kifuani wenyewe. "Lako linauma?"

"Haliumi."

"Na langu halikuuma. Ndivyo lilivyonidanganya. Njoo Vwawa Jumanne, nitakupeleka mwenyewe kwa daktari."

Jumanne asubuhi Loisi alivaa gauni la kanisani. Akaniambia, "Ukiulizwa, sema nimekwenda Iyula kumwona baba."

Mama Ruti aliuliza kabla jua halijapanda. "Mwenzio yuko wapi leo?"

Nilitaka kusema Iyula. Lakini Mama Ruti alikuwa ananitazama machoni, na vijana wawili wa mikokoteni walikuwa wamesimama hapo wanakunywa chai. Kusema ziwa la dada yangu mbele yao nisingeweza. Nikasema, "Amekwenda hospitali kupima."

Kikombe cha Mama Ruti kilisimama njiani kwenda mdomoni.

Tunduma ni mji wa malori. Madereva wanalala siku tatu, nne, wakisubiri karatasi za mpaka, na mabango yamejaa kila mahali yakituambia tukapime. Pale kwetu ukisema mtu amekwenda kupima, hakuna anayeuliza kupima nini. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lilinijia nikiwa nimeshasema.

Wiki ile ile wateja walipungua. Mwanamke mmoja alirudisha sidiria aliyonunua mwezi uliopita, ameishika kwa ncha za vidole. "Nasikia huwa unazijaribu mwenyewe kwanza," akasema. Loisi akampa pesa yake. Mama Ruti, ambaye zamani alikula nasi sahani moja mchana, akaanza kugeuza kiti chake upande wa pili.

Wakati huo Loisi alikuwa ameshapelekwa Mbeya, wamenyofoa kinyama kidogo kwenye ule uvimbe, na ameambiwa asubiri majibu wiki tatu. Luhaga alikuwa bado hajaambiwa. Loisi alitaka kwanza ajue la kumwambia. Uvumi ukafika Saza kabla yake. Ujumbe ulikuja tukiwa tunamenya viazi. Loisi akausoma, akanipa simu. *Nimepima nipo salama. Huyo aliyekupa akuuguze.*

"Mpigie umwambie ukweli," nikasema.

"Ameshamaliza kuongea huyo," akasema, akachukua kiazi kingine.

Majibu yalipotoka yalikuwa kansa. Elizabeti ndiye aliyekaa naye kwenye benchi la hospitali, na baada ya hapo alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Alimwambia mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyemwambia. Kwamba nywele zitatoka na zitarudi. Kwamba mkono wa upande ule utakuwa mzito, aufanyishe mazoezi ukutani kidogo kidogo. Kwamba aandike maswali nyumbani, maana akifika mbele ya daktari atayasahau yote. Loisi alinitajia nikayaandika. *Nitaweza kuinua furushi? Nitazaa tena? Lusubilo ni wa kike, na yeye atakuja kuupata?* Baada ya hilo la tatu akaniambia nifunge daftari.

"Waambie basi sokoni kwamba ni ziwa," nikamwambia siku ile.

"We mtoto. Wa UKIMWI anapewa vidonge, anaendelea kuuza nyanya. Nikisema kansa wataanza kuniimbia mapambio ya msibani nikiwa nimesimama." Akacheka peke yake.

Siku ya upasuaji ikapangwa. Hospitali ikataka ndugu wawili watoe damu. Baba yetu, Anania, alisema atakuja. Alikuwa hajui huo ugonjwa unaitwaje, alijua tu kwamba mwanawe anahitaji damu na yeye anayo. Wa pili hakuwepo. Luhaga hakupokea simu. Mimi walinikataa kwa umri. Elizabeti alisema mtu aliyeugua kama yeye haruhusiwi kutoa. Daktari akasema bila chupa mbili hawezi kumwingiza, na zamu ikipita atasubiri mwezi mwingine. Nilikuwa nimeiona ile ngozi. Mwezi mwingine haukuwepo.

Nikaenda kwa Mama Ruti. Nikamwambia yote bila kupumzika. "Ni ziwa, mama. Ni lile ulilosema maziwa yameganda. Ni kansa. Mimi ndiye niliyesema vibaya, yeye hana UKIMWI. Inatakiwa damu."

Alikuwa anakunja kitenge. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Na mimi nikampa chanuo," akasema.

"Inatakiwa damu, mama."

"Hiyo damu si wanaipima kwanza?"

"Wanaipima."

Akatazama huku na huku. "Nenda. Mteja anakuja."

Hapakuwa na mteja.

Siku ya kutoa damu, Mbeya, nilikaa na baba nje ya maabara. Baba alikuwa ameshatoa yake na amepewa soda, ameishika bila kuinywa. Saa nne akapita mwanamke amejifunika khanga mpaka puani, na jua lote lile. Nilimjua kwa mwendo. Aliingia. Nilihesabu madirisha ya jengo lile mara nyingi sana kabla hajatoka, amebana pamba kwenye mkono.

"Usimwambie dada yako," akasema bila kusimama. "Wala mtu. Sokoni nimewaaga nakwenda msibani."

"Hutaingia wodini kumwona?"

Alishafika getini.

Loisi alikatwa kesho yake. Alipopata nguvu ya kuongea, nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikamwambia ni mimi niliyesema neno lile kwa Mama Ruti.

"Najua," akasema. "Nilikuacha peke yako na Mama Ruti. Neno lile angelitoa wapi kwingine?" Akageukia ukutani. "Mtoto amekula?"

Baadaye alikwenda Dar es Salaam kwa zile dawa za dripu, mara sita. Nywele zilitoka kama Elizabeti alivyosema, zikarudi laini kama za mtoto. Luhaga alikuja mara moja, akambeba Lusubilo, akakaa na kofia yake kichwani, akarudi Saza. Ilipita miezi kumi Loisi akarudi mezani kwake. Watu wanamsalimia, lakini kwa mbali, na wapo ambao mpaka leo wana majibu yao wenyewe kuhusu alichokwenda kupima.

Jana tu, tukiwa tunapanga mzigo, aliniuliza. "Ile chupa ya pili ilitoka kwa nani? Baba anasema hajui."

Ng'ambo ya njia Mama Ruti alikuwa anampimia mteja kitenge, ametupa mgongo.

Nilikuwa nimeambiwa nisiseme. Lakini nilimwona Loisi ameshika furushi kwa mkono mmoja, anasubiri kama mtu aliyezoea kuambiwa hakuna. Nikamwonyesha kwa macho.

Alimtazama Mama Ruti muda mrefu. Nilidhani ataita. Nilidhani atavuka. Mama Ruti akageuka kuchukua mkasi, macho yao yakakutana, akainamisha yake haraka.

"Usimwambie kwamba najua," Loisi akasema, akaanza kufungua furushi.