Mkono wa Tatu wa Mkulima

Mkulima aliyechorwa ndani ya ghala la zamani la kahawa, juu kidogo ya Makumira, ana mikono mitatu. Wa kushoto umebeba kikapu. Wa kulia umeshika jembe. Wa tatu unatokea begani pale pale pa kulia, umeinuliwa, kiganja wazi.

Picha yake nilitumiwa na Naomi, mwalimu niliyesoma naye chuo. Mchoraji ni baba yake, Mzee Zakaria, na hiyo ndiyo kazi yake pekee iliyobaki. "Mpangaji mpya anataka mkono mmoja ufutwe kufikia Ijumaa," aliandika, "la sivyo anapiga plasta ukuta mzima. Baba hasemi ufutwe upi." Nikapanda basi la alfajiri kutoka Morogoro.

Jumatano jioni nilifika Arusha, nikalala Sekei kwa shangazi. "Umekuja huku kote kuhesabu mikono?" aliniuliza.

Alhamisi asubuhi Naomi alinipokea Makumira, tukapanda kwa miguu katikati ya migomba. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu. Nilitegemea kumkuta mzee ana huzuni. Nilimkuta mlangoni mwa ghala akitaniana na mpangaji mwenyewe, Bwana Rashidi, muuza vyakula vya kuku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi? Una mikono mingapi?"

"Miwili."

"Mmoja una kalamu, mwingine una simu. Loshoro utakula kwa upi?"

Tuliingia ndani. Mzee alieleza bila kusita. Jembe alilichora enzi za ujamaa, kwa sababu wakubwa wa ushirika walitaka jembe. Vyama vingi vilipoingia, wakubwa wale wale wakasema jembe ni la chama na ghala ni la wote. Akapaka chokaa juu yake, akamwinulia mkulima mkono mwingine wa kusalimia watu.

"Nao wakauhesabu vidole!" alisema. "Kila mmoja akaona salamu ya chama chake."

Miaka ikapita, paa likavuja, chokaa ikaoshwa. Jembe likarudi na mkono wake.

"Kuku hawana chama, mzee," alisema Rashidi. "Futa mmoja tu. Wateja wangu wananicheka."

Nilikwisha kuandika kwenye daftari: kila zama na mkono wake. Ndipo mzee akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa mmoja kati ya mikono ile ya kulia aliuchora akiutazama wa mkewe, marehemu mama yake Naomi.

Naomi aligeuka. "Upi, baba?"

"Wa jembe."

Saa saba mchana, tukila ile loshoro, mahindi na ndizi kwenye maziwa mgando, mzee alisema ni wa kiganja.

"Asubuhi ulisema wa jembe."

"Asubuhi nilikuwa na njaa."

Naomi hakucheka. Alinirudisha ghalani akanionyesha kidole kidogo cha ule wa jembe: kimepinda, kama cha mama yake. Tukatazama cha ule wa kiganja: kimepinda. Hata cha ule wa kikapu kimepinda. Nilifuta sentensi yangu, na mpaka leo sijapata ya kuweka mahali pake.

Ijumaa asubuhi nilianza safari ya kurudi. Nilikwenda nikiamini kwamba ukuta ukisomwa vizuri husema nani alitawala na lini. Unasema, ila si hilo tu, na sijui namna ya kulitenga hilo na mengine.

Jioni, nikiwa bado njiani, Naomi alinipigia. Alipokuwa darasani, baba yake aliingia ghalani peke yake na ndoo ya chokaa. Mchana lori la mzigo likafika, na magunia yakapangwa mbele ya mkulima mpaka kwenye boriti. Rashidi anasema alichungulia kabla ya kupanga, akaona mikono miwili, akaridhika. Ni ipi, hakuangalia. Mzee anasema aliuacha wa mama Naomi.

Naomi anasubiri magunia yapungue.