Kaseti ya Tatu ya Dada wa Hong Kong

Mwimbaji wa Hong Kong alimwita mama yangu kwa Kisomali. Siku chache baadaye Mto Tana ukaingia nyumbani kwa mama.

Najua mtasema nimechanganyikiwa. Someni kwanza.

Hilo neno, "soma", ndilo lililoniponza.

Ilikuwa mwaka wa 1997, hapa Garissa. Mimi naitwa Osob. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, binti mmoja, Hinda, na kibarua cha kuwapikia watu waliokuja kupima mto.

Mkubwa wao aliitwa Lau, mtu wa Hong Kong. Alisimika nguzo zenye rangi nyekundu na nyeupe ukingoni, na kila asubuhi alikwenda kuangalia maji yamefika wapi. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini hivi. Chai. Moto. Kubwa. Leo. Soma.

Kwenye hema lake kulikuwa na redio ya kaseti, na ndani yake mwanamke mmoja tu akiimba kwa Kikantoni, lugha ya kwao. Kwenye karatasi ya kaseti alikuwa na nywele fupi na midomo myekundu. Sisi jikoni tulimwita Dada wa Hong Kong.

Sikuwa shabiki wa kufa na kupona. Wangu ulikuwa ushabiki wa jikoni. Akiimba nasikiliza, akinyamaza chapati zinaiva vilevile.

Kaseti zenyewe zilikuwa tatu, zote za mkusanyo. Yaani zile ambazo nyimbo zilizopendwa zinachukuliwa huku na huku na kuwekwa pamoja. Kwangu zilikuwa kama sinia la harusi, nyama tupu, mifupa ameshapewa mtu mwingine.

Lakini wimbo mmoja ulirudi kwenye zote tatu.

Kwenye kaseti ya kwanza ulikuwa wa mwisho. Kwenye ya pili ulikuwa katikati. Kwenye ya tatu, ukibonyeza tu, ndio unaoanza.

Kama mtu anayekusogelea.

Sasa kuna jambo lazima niungame. Sikujua kusoma hata herufi moja, na nilijifanya najua. Sukari ilikuja imefungwa kwa gazeti, nami nililikunjua nikalitazama nikitikisa kichwa. Picha zilinisaidia kujua upande wa juu.

Lau aliniona kila siku. Aliamini.

Mwezi wa tisa kazi yao ikaisha. Gari lilikuwa limeshawashwa, dereva anapiga honi, Lau akaja mbio jikoni na kaseti zote tatu. Akanipa. Kisha akagonga ile ya tatu kwa kidole.

"Mama Osob. Soma."

"Ahsante, Mister."

"Soma. Soma leo." Akagonga tena. Uso wake haukuwa wa mtu anayeaga. Ulikuwa wa mtu anayeogopa.

Nikajua ameshagundua siri yangu, na ananihimiza nikasome. Machozi yakanitoka.

"Nitasoma, wallahi. Leo hii."

Akashusha pumzi kama aliyetua mzigo, akaondoka.

Na kweli, jioni ile baada ya Maghrib nikaenda gumbaru, darasa la watu wazima. Mwalimu Warfa, kijana niliyemzidi miaka, akanitazama mlangoni.

"Eeddo," akaniita, yaani shangazi, "umechelewa."

"Kipindi kimeanza?"

"Kimeanza miaka ishirini na sita iliyopita. Ingia."

Darasa zima likacheka. Nikaketi. Nikaandika A yangu ya kwanza, imelala kama mbuzi mgonjwa.

Mvua zikaanza mwezi wa kumi. Kwanza tulishukuru. Baadaye tukanyamaza, kwa maana hazikuwa mvua za kwetu. Zilinyesha kama zimetumwa.

Alasiri moja nilikuwa nakanda unga, nimeweka kaseti ya tatu. Dada akaanza ule wimbo. Akafika pale anaporudiarudia.

*Hooyo.*

Mikono ikasimama kwenye unga.

*Hooyo... biyo.*

Hooyo kwetu ni mama. Biyo ni maji.

Nilirudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Mama, maji. Mama, maji.

Hinda alikuwa mlangoni. Nilimuuliza, "Umesikia anasema nini?"

"Anamwita ayeeyo," akasema. Ayeeyo ni bibi. Yule mtoto hakucheka.

Mama yangu, Fatumo, aliishi kwenye mashamba ya chini, hatua chache kutoka mtoni, na ndizi zake na jirani yake Mzee Yarrow.

Nikatawadha. Nikaswali rakaa mbili za istikhara, za kuomba mwongozo, nikamwambia Mola wangu, "Kama ni shetani, mnyamazishe. Kama ni heri, nipe miguu."

Nilipotoa salamu, miguu ilikuwa inaniwasha.

Nikamkuta mama anafunga mikungu.

"Hooyo, twende mjini."

"Kwa nini? Nani kafa?"

"Hakuna. Mvua tu."

"Mimi nimezaliwa na mvua. Nenda, unakanyaga mbegu."

Mzee Yarrow alikuwa upande wa pili wa ua wa miiba, anasikia yote. "Osob! Nani amekutisha hivyo?"

Nikamwambia ukweli. Nilisema ni kaseti.

"Subhanallah! Mchina ameanza kuongea Kisomali? Mwambie basi anitafutie mke!"

"Adeer Yarrow," nikasema, na adeer kwetu ni ami, "mto huo..."

"Mto huu unanijua. Tumekula nao ndizi miaka arobaini."

Akacheka mpaka akashika mbavu.

Na mimi, kwa aibu, nikacheka naye. Sikusema neno lingine. Hicho kicheko bado kinaniuma hadi leo.

Mama nilimpata kwa uongo. Nilimwambia Hinda ana homa, anamlilia bibi yake. Akachukua tasbihi yake na leso moja, akanifuata huku akinung'unika njia nzima. Alipomwona Hinda anaruka kamba, alininunia siku tatu.

Siku ya nne, wakati wa alfajiri, tulisikia sauti kama malori mia yanapita. Hapakuwa na lori.

Mashamba ya chini hayakuwepo tena. Palikuwa na maji mekundu, na vilele vya migomba vikitetemeka juu yake. Kofia ya Mzee Yarrow ilionekana imenasa kwenye tawi la mgunga. Yeye hatukumpata.

Mama aliacha kuninunia. "Kaseti hiyo," alisema, "iweke mbali nami."

Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka sandukuni. Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Mwaka wa 1999 nilikuwa nimeshajua kusoma. Polepole, kwa kidole, lakini nasoma. Siku moja nikatoa zile kaseti niondoe vumbi na ukungu. Ile ya tatu, karatasi yake ilikuwa nene kuliko nyingine. Nikaivuta. Ikakunjuka.

Ndani, nyuma ya uso wa Dada, palikuwa na maandishi ya kalamu, herufi kubwa:

OSOB. MAJI KUBWA KUJA MWEZI 11. MAMA YAKO HAMA. AMBIA WATU YOTE YA SHAMBA CHINI. LAU.

Bila shaka aliyatafuta kwenye kamusi, neno moja moja, kwa kuwa mdomoni hakuwa nayo. Nilisoma mara moja. Kisha nikaketi chini.

Watu yote.

Hakuwa ananihimiza niende shule. Alikuwa ananiambia nisome karatasi.

Miaka mingi baadaye fundi mmoja wa barabara aliyejua Kikantoni aliusikiliza ule wimbo kwa ombi langu. Akasema neno lile si mama. Ni "rafiki mwema". Na la pili si maji, ni "lazima yupo".

Rafiki mwema lazima yupo. Nami nilikuwa naye, na nilimdanganya kwa gazeti la sukari.

Mungu ni mwingi wa rehema. Sikio langu lililokosea liliokoa mtu mmoja. Jicho langu lingeokoa watu wote.

Siku hizi namsaidia Mwalimu Warfa kupokea wanawake wapya pale gumbaru. Wanakuja na aibu zao, wengine wameshika gazeti. Kabla ya A, kabla ya jina la mtu, nawafundisha neno moja la kutamka kwa sauti bila kuinamisha kichwa.

"Sijui."

Wakishalisema, namwombea Adeer Yarrow, halafu tunaanza.