Koti la Baba Mieko

Huko Nezawa, milimani Aomori, kaskazini mwa Japani, mtu hujulikana kwa theluji yake. Kukianza kupambazuka kila mwanamume hutoka na beleshi, akafungua njia kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani. Njia ikikutwa imefungwa mpaka watu wanakunywa chai, majirani hawaulizi kuna nini. Wanauliza amekufa nani. Nyumba ya Kiyono na mumewe Shigezo haikuwahi kuulizwa hivyo, na Kiyono alikuwa na nia ya kuingia kaburini bila kuulizwa.

Mume alikuwa amestaafu reli, alikokuwa akiendesha treni ya kusukuma theluji. Mke alikuwa amestaafu banda la kupanga matufaha. Mwaka ule wa korona walikaa ndani kama watu wote, miguu chini ya meza fupi yenye moto uvunguni na blanketi juu, wakimenya machenza na kusikiliza televisheni ikitaja wagonjwa wa kila mkoa. Aomori ikitajwa kwa uchache, Kiyono alitabasamu kana kwamba ni yeye aliyeuzuia ugonjwa njiani. Binti yao Mieko, aliyeolewa Sendai, alikatazwa kuja mwaka mpya. "Ukija na hiyo namba ya gari ya Sendai, nitakuacha hapo nje ugande," mama yake alimwambia kwenye simu, na hakuwa anatania.

Jioni moja Shigezo akakohoa.

"Umekohoa," Kiyono alisema.

"Nimepaliwa na achari ya figili."

"Achari hiyo unaila tangu tuoane, leo ndiyo inakupalia?"

"Leo umekata vipande vikubwa, mama Mieko. Unakata figili kama unagombana nayo."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho cha pili hakikuwa cha achari.

Asubuhi alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, naye amekaa tu. Akilala anakabwa, akiketi anapata nafuu. Miguu ilikuwa imevimba mpaka soksi hazipandi. Kiyono hakuangalia miguu. Aliangalia kikohozi. Akamhamishia chumba cha nyuma, kile cha mapipa ya achari na viazi, akafunga mbao za dirisha, akamwachia hita ya mafuta ya taa. Uji wa mchele aliuweka sakafuni mlangoni, akagonga, akarudi nyuma kama anayelisha mbwa asiyemwamini.

"Niitie daktari," Shigezo alisema kutoka ndani.

"Daktari ataita watu wa afya. Watakuja na gari, wamejifunika meupe mpaka nywele. Yasaburo wa hapo ng'ambo ataliona hata halijafunga breki. Unataka tuwe kina Hatsue?"

Kina Hatsue nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara. Majira ya kuchipua binti yao alirudi kutoka Tokyo kwa sababu kazi ilikwisha. Nezawa kuna ubao wa matangazo unaopita mkono kwa mkono, nyumba hata nyumba, na kutoka kwa Kiyono ulikuwa unakwenda kwa Hatsue. Siku ile Kiyono aliuchukua, akapita mbele ya mlango wa Hatsue ambaye alikuwa amesimama pale pale na barakoa yake, akaupeleka nyumba inayofuata. Baada ya hapo kila mtu alijua la kufanya. Mwenye duka akaanza kuwawekea vitu nje. Mtu mmoja akarusha jiwe. Kabla majani hayajapukutika walikuwa wamehama, na sasa theluji ilikuwa imekalia paa lao bila mtu wa kuishusha, paa limeanza kubonyea katikati.

"Kina Hatsue hawakuwa hata na ugonjwa," Shigezo alisema. "Wewe ndiye uliyewapa."

"Nimewapa nini mimi?"

"Ule ubao."

"Tutaona kesho," Kiyono alisema.

Usiku ikaanguka theluji ya kufika magotini. Alfajiri Kiyono alisimama mlangoni akaona la kufanya. Akavaa koti la reli la mumewe, kofia yake ya masikio, buti zake alizojaza soksi. Barakoa akaipandisha mpaka chini ya macho. Korona ile ile iliyomfungia mume ndani ndiyo iliyompa mke pa kuficha uso.

Shigezo alikuwa na namna yake ya kurusha theluji, aliyofundishwa relini: unaigeuzia mgongo, unaitupa juu ya bega la kushoto bila kutazama inakoanguka. Kiyono alikuwa ameitazama dirishani maisha yake yote ya ndoa na kuisema. Ya kwanza ilimwangukia shingoni. Ya kumi ilikwenda pale pale alipokuwa akiipeleka Shigezo. Ng'ambo Mzee Yasaburo akainua mkono. Kiyono akainua wake. Akarudi ndani amechoka na amefurahi, akamwambia mumewe kupitia mlangoni, "Umeamka vizuri leo. Njia yako ni safi kuliko ya Yasaburo."

"Daktari, mama Mieko."

"Kula uji."

Kesho yake Yasaburo alivuka barabara. Alisimama kwa mbali kidogo, kama ilivyotakiwa, akaegemea beleshi lake.

"Mzee mwenzangu. Jana nilikusalimu kwa mdomo, hukuitikia. Sauti imekwenda wapi?"

Kiyono akagusa koo lake, akatikisa mkono.

"Baridi hiyo. Haya, nyamaza. Kwani wewe na mimi, msemaji si mimi siku zote?" Yasaburo akatazama dirisha, akashusha sauti. "Mama yuko ndani? Basi huku nje tuna amani. Jana nilikuwa namwambia mke wangu, huyu Shigezo moyo wake wa chuma. Mimi ningepewa Kiyono ningejilaza mbele ya treni yako."

Kiyono alishika beleshi.

"Ila wewe ulikuwa mjanja. Unakumbuka siku ile tumelewa, ulivyotwambia? Wenzako wanazikimbia zamu za usiku, wewe unaziomba. Kwa sababu maneno ya mkeo huanza taa zikizimwa." Akacheka mpaka barakoa ikamshuka, akaipandisha. "Na lile la kina Hatsue, mzee, mimi nakwambia ukweli. Nani alikuwa anaogopa korona? Sisi tulimwogopa mkeo. Akikupita na ubao wewe pia, utakwenda wapi? Sio hivyo?"

Kiyono akatikisa kichwa juu na chini, kwa sababu Shigezo angefanya hivyo.

Alipoingia ndani hakuvua koti. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akafungua mlango kwa mara ya kwanza tangu amfungie. Shigezo alikuwa ameketi, ameegemea pipa la achari, midomo imebadilika rangi.

"Uliomba zamu za usiku," Kiyono alisema.

Shigezo alilitazama lile koti, kisha uso. Akaelewa. Alijaribu kucheka, pumzi haikutosha.

"Niliomba," alisema. "Na asubuhi nilirudi. Kila siku. Hilo Yasaburo hakukwambia?"

"Ulinicheka mbele ya walevi."

"Mama Mieko, siwezi kuvuta pumzi. Ita gari. Wacha waone."

Simu ilikuwa ukutani, hatua chache nyuma ya mgongo wake. Mtu mwingine angeigeukia. Kiyono alisimama na theluji ikimyeyukia mabegani, anasikia kicheko cha Yasaburo, na maneno yaliyomtoka aliyachagua.

"Si unapenda usiku? Basi na wa leo ni zamu yako. Uombe."

Akafunga mlango.

Alikaa mezani siku nzima na televisheni wazi. Alimsikia akikohoa, akaongeza sauti. Jioni alipika uji, akauweka, akagonga, hakuitikiwa, akasema moyoni amenuna. Na anune. Lakini hakulala. Kulipoanza kupambazuka hasira ilikuwa imekwisha, akasema basi, leo nitaita gari, na watazame mpaka macho yawatoke.

Ila theluji ilikuwa imeanguka tena. Hao watu wa gari wangekuta njia imefungwa, wangesema nyumba gani hii. Kwa hiyo akavaa koti kwanza. Akafungua njia pana, ya machela na watu wawili ubavuni, akaikwangua mpaka lami ikaonekana. Yasaburo akainua mkono. Akamwinulia. Kisha akaingia, akavua buti, akazipanga, akaenda kumwambia mumewe kwamba gari anaita sasa hivi.

Uji ulikuwa pale pale. Shigezo alikuwa ameegemea pipa, amekwisha kupoa.

Gari lilikuja, na watu walisimama madirishani kama alivyosema. Walimpima maiti puani. Hakuwa na korona. Daktari, kijana mpole, alimweleza kwamba moyo ulichoka na maji yakajaa mapafuni, na kwamba mgonjwa wa namna hii akiwahishwa hupewa dawa akarudi kwake. Akauliza alianza lini.

"Alianza leo," Kiyono alisema.

"Kweli, daktari," Yasaburo alidakia kutoka barabarani. "Mimi ni shahidi. Asubuhi hii hii alikuwa anarusha theluji kama kijana."

Daktari akatazama miguu ya maiti iliyovimba. Akamtazama bibi. Kisha akaandika alichoambiwa.

Wiki hiyo Shigezo alisifiwa sana. Amekufa na beleshi mkononi, walisema, ndiyo kufa huko. Kiyono aliinama na kushukuru kila aliyepita.

Baada ya maziko theluji ikaanguka tena, na njia ikawa haina mtu. Kiyono alitoka na koti lake mwenyewe na kitambaa chake cha kichwa, mjane anayejulikana na kila mtu. Akachota. Mikono haikumuuliza. Ikageuza mgongo, ikatupa juu ya bega la kushoto, theluji ikaanguka pale pale.

Alipoinuka alimwona Yasaburo ng'ambo, amesimama, beleshi limekaa hewani. Alikuwa anatazama bega lake. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayekumbuka kila alichosema na nani alikuwa akimsikiliza. Kiyono aliinua mkono.

Yasaburo hakuinua wake. Aliingia ndani.

Siku hizo ubao ulikuwa unatoka kwa Yasaburo kuja kwa Kiyono. Mchana akamwona mke wa Yasaburo anakuja nao kwapani. Kiyono akavaa barakoa, akasimama mlangoni kuupokea, mbele yake njia safi mpaka lami. Mwanamke yule alipita mbele yake, akatazama chini, akaendelea mpaka nyumba inayofuata.