Dada Kabula na Ugonjwa Uliomchukua Mama

Enzi zetu, Katoro ilipokuwa bado kituo kidogo cha barabarani na sisi tukiishi kijiji cha jirani, siku ilianza kwa uji wa mtama na kuisha kwa vumbi miguuni. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu zilizojazwa matambara, tukachuma pamba hadi vidole vikachubuka, na njaa ikibana tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, tukichanganya na karanga. Shuleni kila mtoto alibeba kidumu cha maji na ufagio. Wanangu nikiwasimulia haya hucheka, kisha hurudi kwenye simu zao kutazama wenzao wakicheza.

Katika kundi letu, dada yangu Kabula ndiye aliyekuwa na maswali mengi. Kuku akichinjwa, sisi wengine tulisubiri paja, yeye aliomba firigisi aipasue aone kuku alikula nini. Mama alikuwa akimwambia, "Kabula, utaolewa na nani wewe, unayechungulia matumbo?" Lakini alisema huku akimpa kisu.

Nilikuwa darasa la tatu mama alipoanza kuficha titi lake la kushoto. Alifunga kanga juu zaidi, akaacha kubeba ndoo kwa mkono ule. Shangazi walikuja, wakanong'ona, na sisi watoto tukatumwa maji hata mtungi ukiwa umejaa. Walisema amerogwa na mwanamke mmoja wa jirani. Mama akapelekwa kwa waganga, mmoja baada ya mwingine, akarudi na chale na dawa za kuchemsha. Alipofikishwa hospitali, daktari alimwita baba pembeni. Mvua za kwanza zilimkuta mama kaburini.

Jioni moja baada ya matanga, baba alikuwa anarekebisha mpini wa jembe. Kabula akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Baba, mama ameuawa na nini?"

Baba aliweka jembe chini. Ukoo mzima ulikuwa na jibu, na yule jirani alikuwa ameshaacha kupita mbele ya nyumba yetu kwa hofu.

"Sijui, mwanangu," alisema.

"Nani anajua?"

"Labda waliosoma. Nao sidhani kama wanajua yote."

Kabula hakuuliza tena. Asubuhi iliyofuata alikwenda peke yake kwa yule jirani, akamwamkia, "Shikamoo mama," akamchotea maji. Yule mama alilia. Nami nilijua dada yangu ameamua jambo.

Alifika sekondari, akatuletea habari za hadubini. Alituambia ngozi ya kitunguu imepangwa kama ukuta wa matofali, na sisi pia tumejengwa hivyo hivyo, kwa seli ndogo zisizoonekana kwa macho. Akaenda chuo kikuu, akaenda ng'ambo kwa miaka mingi, akarudi na kazi ambayo baba alishindwa kuieleza kijiweni. Watu wakimuuliza kama binti yake ni daktari, alijibu, "Hatibu watu. Anatafuta."

Anachotafuta ni kile kinachoharibika ndani ya seli ya titi hadi ikasahau kufa, ikaendelea kugawanyika. Huchukua vipande vya uvimbe vya wanawake waliokubali kumpa, akavisoma vinasaba vyake. Yeye na wenzake hujaribu kuelewa kwa nini uvimbe wa wanawake wawili, unaofanana kabisa kwa macho, mmoja hukubali dawa na mwingine hukataa.

Mwaka mmoja umeme ulikatika maabara, jenereta ikagoma, sampuli zote zikaharibika. Alinipigia simu, akaniuliza kama mvua imenyesha, kisha akakata. Nilidhani ataacha. Wiki iliyofuata alikuwa wodini, anaongea na wagonjwa, anaanza upya.

Kisha nami, nikioga, nikagusa kitu kigumu titini mwangu. Nilimpigia yeye kabla ya mume wangu.

"Dada, si wewe unatafuta dawa? Acha nisubiri upate."

"Mimi bado natafuta," alisema. "Wapo waliokwishapata zinazosaidia wengi. Nenda kwao kesho. Usipitie kwa mtu yeyote."

Nilikwenda. Nikakatwa, nikapewa dawa zilizoninyoa nywele zote. Kabula alilala sakafuni kando ya kitanda changu, yeye mwenye wanafunzi wanaosimama akiingia. Sasa ni miaka kadhaa, na ninaandika haya nikiwa mzima.

Siku hizi uwanja wetu wa rede umejaa maduka na bodaboda. Dada akija likizo, mabinti zangu humzunguka na kumuuliza habari za titi mbele ya baba yao bila kupepesa macho. "Mama mkubwa, inaanzaje?" Naye huwajibu kila kitu, na pale asipojua husema hajui. Hawa hawatumwi maji. Mimi hupika huku nikiwasikiliza, na furaha yangu huingiwa na uchungu, kwa kuwa mama alikuwa na umri mdogo kuliko wangu wa leo, na hakuna aliyewahi kumwambia jina la kilichomuua.